Fataki za Kujitengenezea: Hatari Iliyofichwa Kabatini

Idd ikikaribia, baadhi ya vijana wetu hupenda kujitengenezea fataki kwa vichwa vya njiti za kibiriti na unga wa kemikali. Sisi wazazi huhofia ile saa ya kuwashwa tu. Twasahau kwamba iko michanganyiko iwezayo kuwaka yenyewe ikiwa imewekwa kando, bila ya mtu kuisogezea moto.

Mfano mashuhuri ni klorati ya potasiamu ikichanganywa na salfa, yaani kibiriti upele. Salfa ikipata unyevu huweza kufanya asidi kidogo. Asidi hiyo huivunja klorati, joto hupanda, na mchanganyiko hulipuka. Hata kusuguliwa au kugongwa kwatosha. Kwa sababu hiyo Uingereza iliupiga marufuku mchanganyiko huo katika fataki tangu mwaka 1894. Ikiwa mafundi wa viwandani walikatazwa, seuze mtoto chumbani mwake, katika hewa hii ya Pwani yenye unyevu?

Basi akina mama, tukikuta unga wa namna hiyo tusiuguse, tusiutikise, wala tusifungue kifuniko. Tuwatoe watoto, kisha tuwaite polisi. Aliyeungua tummwagie maji ya mfereji yaliyo baridi kwa dakika 20. Tusimpake dawa ya meno wala mafuta, na tumpeleke hospitali.

Nafsi ni amana. Tuzungumze na wana wetu kabla ya mwezi kuandama.