Nyonga ya Mama na Usingizi wa Mwana



Ndugu msomaji, dada yangu mkubwa aliolewa Nakuru yapata miaka thelathini na mitano iliyopita, akahamia mtaa wa Bondeni, katika baridi ya Bonde la Ufa. Sisi tuliobaki Pwani tukawa tunaonana naye Idi kwa Idi. Miaka mitatu iliyopita nilipomzuru niliona jambo nisilolizoea. Ulipofika wakati wa kukuna nazi, hakukikalia kibao cha mbuzi kama ilivyokuwa ada yake. Aliwaachia mabinti, mwenyewe akasimama ameegemea ukuta. Ilipoadhiniwa Adhuhuri, alivuta kiti, akaswali juu yake.

Nikamuuliza, "Dada, una nini?"

Akanijibu, "Sijambo. Ni uzee tu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dada yangu alikuwa ameyaficha maumivu ya nyonga kwa muda mrefu. Alikuwa akimeza vidonge vya kutuliza maumivu, akijikanda kwa mafuta ya karafuu, na usiku akilalia ubavu mmoja. Nilimshikilia mpaka akakubali kwenda hospitali. Picha ya eksirei ilipotoka, daktari bingwa wa mifupa alituonyesha kwa kidole: upande wa kulia kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, upande wa kushoto kimebonyea kama embe lililoanguka.

Yafaa tuelewe nyonga ni nini, kwani wengi wetu tunaitaja bila kuijua. Ni kiungo chenye tufe na kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kimo katika mfupa wa kiuno. Vyote viwili vimefunikwa kwa gegedu laini linaloviwezesha kuteleza bila kukwaruzana. Gegedu likilika, mfupa husagana na mfupa. Wakati mwingine kinachoharibika kwanza ni mfupa wenyewe: damu haiufikii, ukafa na kuporomoka. Jambo hili huwapata wagonjwa wa selimundu, waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, walevi wa kupindukia, na walioumia nyonga katika ajali. Ripoti za hospitali za Afrika zinaonyesha kwamba kufa kwa mfupa ni miongoni mwa sababu kuu za watu wetu kubadilishiwa nyonga, na kwamba aghalabu wagonjwa wetu ni vijana kuliko wale wa Ulaya. Kwa hiyo maumivu ya kinena au paja yasiyokwisha yasiitwe uzee kabla daktari hajayaangalia.

Tiba yenyewe ina historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu kuunda viungo kwa pembe za ndovu, bidhaa ileile iliyokuwa ikisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar. Mwaka 1938 Philip Wiles wa London aliweka nyonga ya chuma. Lakini aliyeifanya tiba hii iwe ya kutegemewa ni Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Hapo kwanza alitumia plastiki ya aina ya tefloni kutengenezea kikombe. Baada ya miaka michache ilianza kulika na kuwaumiza wagonjwa. Hakuficha kosa lake. Alijitia chembe za plastiki katika paja lake mwenyewe ili aone mwili unavyozipokea, akatafuta plastiki ngumu zaidi, na mnamo Novemba 1962 akaanza kuitumia. Msingi wa nyonga nyingi zinazowekwa leo ni huo: tufe la chuma au la seramiki ndani ya kikombe cha plastiki madhubuti.

Na utafiti haukukoma hapo. Sweden ilianzisha daftari la taifa la kuandika kila nyonga inayobadilishwa mwaka 1979. Hapa barani kwetu, Malawi ilianzisha daftari lake mwaka 2005. Kutokana na madaftari ya namna hii, watafiti walichapisha hesabu mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la Lancet: katika kila nyonga 100 zilizobadilishwa, takriban 58 hudumu miaka 25. Hatari zipo pia, nazo ni damu kuganda miguuni, kidonda kuingia vijidudu, na tufe kuchomoka katika kikombe. Hizo ni habari za kumwuliza daktari kabla ya kutia saini.

Kwa ndugu zetu wa Bonde la Ufa, safari si ndefu kama zamani. Upasuaji huu hufanyika Nairobi na Mombasa, na pia Eldoret na hospitali ya Tenwek huko Bomet. Gharama yake ni kubwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imeshika nafasi ya NHIF. Ulizeni mapema bima itabeba kiasi gani na familia itabeba kiasi gani, ili pasitokee fazaa siku ya kulazwa.

Dada yangu alipasuliwa, alhamdulillahi, na siku iliyofuata alisimamishwa kwa fremu ya kutembelea. Hapo ndipo yalipoanza maswali aliyonituma niyajibu, nami nayaandika hapa kwa faida ya wote.

Katika wiki za mwanzo, wagonjwa wengi hukatazwa kuikunja nyonga kupita pembe ya mraba, kukunja nne, na kuugeuza mguu ndani. Maana yake ni kwamba kibao cha mbuzi, mkeka wa chini na choo cha kuchuchumaa huwekwa kando mpaka daktari aruhusu. Na swala? Sahaba Imran bin Husayn alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Basi mgonjwa wa nyonga awezaye kusimama na asimame, kisha akae kitini kwa rukuu na sijda, sijda akiiinamia zaidi kidogo kuliko rukuu, kwa kadiri aliyoruhusiwa na daktari. Swala yake ni kamili. Na wanaouliza kama chuma hicho kitatolewa mtu akifa, jawabu ni kwamba hakuna haja ya kumpasua maiti. Heshima ya mwili inatangulia.

Ndugu msomaji, lau habari ingeishia hapa, ningeshukuru na kuweka kalamu chini. Lakini wodini mle nililiona jambo jingine, nami nalieleza kwa aibu.

Dada yangu ana mtoto wa kiume ambaye wakati ule alikuwa mwaka wa nne wa masomo ya udaktari. Ameniruhusu niandike, kwa sharti nisilitaje jina lake wala chuo chake. Alikuja kumwona mama yake jioni, koti jeupe mkononi. Mama, ambaye mwenyewe alikuwa na kidonda kibichi, alimtazama akasema, "Mwanangu, umekonda. Umekula?"

Akajibu, "Sijambo, mama."

Usiku ule tulikaa naye barazani. Akaniambia kwamba halali. Ameanguka mtihani mmoja na hajamwambia mtu. Amekuwa akiamka alfajiri, anavaa koti, anafika mlango wa wodi, kisha miguu inakataa, anarudi chumbani. Mtoto wa kwanza kumwona akifa alifia mbele yake, na baada ya hapo kundi lao liliendelea na mgonjwa wa kitanda cha pili kama kwamba hakuna lililotokea. Alisema anaona dunia imemwelemea.

Mimi nilimjibu nini? Nilimwambia asome Qur'ani zaidi, aamke usiku, asubiri. Nikamkumbusha kwamba sisi tulipigwa bakora madrasani na hatukulalamika. Akasema, "Naam, mjomba," akanibusu mkono, akaenda zake. Kwa mwezi mzima hakupokea simu yangu.

Aliyenizindua ni mama yake. Kijana alipomfungulia moyo, alinipigia simu Mombasa. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, mguu wangu ulipouma, uliniambia nisubiri? Au ulinishika mkono ukanipeleka kwa daktari?"

Sikuwa na jawabu. Nami ndiye niliyesimama mimbarini mara nyingi nikiwaeleza watu kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahimiza maswahaba wake watafute dawa, na kwamba yeye mwenyewe alijitibu kwa kuumikwa. Niliihesabu nyonga kuwa maradhi, na huzuni ya kijana nikaihesabu kuwa upungufu wa imani. Ilhali wanazuoni wetu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuisahau nafsi, na akazieleza hofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni mambo yenye tiba. Nilikisoma jina lake ujanani. Sikukitumia alichokifundisha.

Baada ya hapo nilianza kuuliza na kusoma. Mwaka 2016 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha utafiti uliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi 43, zilizohusu wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120,000. Matokeo yalionyesha kwamba 27 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona, na 11 katika kila 100 walikuwa wamewahi kuwaza kujiua. La kusikitisha zaidi, miongoni mwa waliokuwa na dalili za sonona, wapatao 16 tu katika 100 ndio waliotafuta matibabu. Hawa ni watu wanaosomea kutibu wenzao. Wao pia husema "sijambo".

Sababu si ngumu kuzielewa. Nchini kwetu masomo haya huchukua miaka sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Katika Nakuru, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton hujifunza miongoni mwa wagonjwa wa mji ambao tangu tarehe 1 Disemba 2021 una hadhi ya jiji, na hospitali yake ya rufaa hupokea watu kutoka kaunti kadhaa. Mwanafunzi hukutana na mauti akiwa bado kijana, mitihani ikimsubiri, karo ikidaiwa, na nyumbani wazazi wameshaanza kumwita "daktari". Jina hilo lenyewe ni mzigo: daktari atamwambia nani kwamba anaumwa? Na akimaliza, mambo hayamalizi. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza katikati ya Machi ukaisha Mei, ulihusu kwa sehemu kubwa malipo na nafasi za madaktari walio katika mafunzo.

Palikuwa pia na hofu ya sheria. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kujiua ni haramu katika dini yetu, hilo halibadiliki. Lakini aliyefikwa na mawazo hayo ni mgonjwa anayehitaji kushikwa mkono, wala si mshtakiwa.

Basi nawausia wazazi wenzangu wenye watoto katika vyuo vya tiba, Nakuru, Nairobi, Mombasa na kwingineko. Mtoto akisema "sijambo", uliza mara ya pili. Muulize analala saa ngapi, anakula nini, na mara ya mwisho alicheka lini. Akikwambia ameanguka mtihani, usimtajie gharama uliyotoa. Akisema amechoka na uhai, usimwache peke yake, wala usimhubirie. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya bure, 1199, kwa anayehitaji wa kuzungumza naye. Na sisi masheikh, tumsomee dua, kisha tumsindikize hospitali. Dua haikatazi dawa.

Mpwa wangu alikwenda kwa mshauri, kisha kwa daktari. Alirudia mwaka. Kulikuwa na maneno mtaani, na mama yake aliyanyamazia. Sasa yuko mwaka wa tano, na bado ana siku nzito. Mimi humpigia kila Ijumaa baada ya swala, na sianzi kwa kumuuliza masomo.

Idi iliyopita nilikwenda tena Bondeni. Dada alinipokea mlangoni kwa miguu yake miwili, bila mkongojo. Kibao cha mbuzi kimetundikwa ukutani; daktari alimshauri asikirudie, na amekubali. Nazi alizikuna mwanawe, vibaya, vipande vikubwa vikubwa, huku mama akimcheka kutoka kitini. Kisha tukaswali Adhuhuri, yeye amesimama, na kijana amesimama mbele yetu akatuswalisha.

Wabillahi tawfiq.