UZI: Maji ya Kapsoya huchemka kwa nyuzi 93, na hiyo inahusu vipi siasa za CBC

Tangu wikendi mmenijazia ujumbe mkitaka nichambue ile hoja inayorudi kila mkutano wa hadhara: mmoja anashika maikrofoni anasema mtaala huu ni wa kutesa wazazi, mwingine anashika anasema bila sayansi hatutatoka mahali tulipo. Kwa wageni, kanuni ya hapa ni ile ile. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Nasoma sayansi ya siasa, sijamaliza digrii, nikikosea mnisahihishe hapo chini kwa adabu.

Leo naanzia jikoni kwa shangazi yangu hapa Kapsoya.

Binamu yangu yuko Gredi ya 8. Wiki mbili zilizopita alipewa zoezi la sayansi: pasha maji moto, rekodi joto kila dakika mbili, chora grafu, andika maji yamechemka kwa nyuzi ngapi. Shuleni hakuna themomita. Ile ya hospitali haiwezi, inaishia nyuzi 42. Tukakumbuka jirani anayetengeneza yogati ya kuuza, yeye hupima maziwa kila asubuhi. Akatuazima yake, na onyo juu: ikivunjika, mtanilipa.

Tukaweka sufuria kwa gesi. Mtoto na daftari, mimi na saa ya simu. Joto likapanda vizuri, 60, 75, 88, halafu maji yakaanza kutokota na namba ikakwama kwa 93. Tukangoja. 93. Tukaongeza moto. 93. Binamu akaniangalia, "Dada, hii themomita ya yogati ni mbovu."

Si mbovu. Eldoret iko mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza huku ni kidogo kuliko ya Mombasa, kwa hivyo maji hayahitaji joto jingi ndiyo yaanze kuchemka. Kwa kukisia tu, kila mita 300 unazopanda unapoteza nyuzi moja hivi. Saba kutoka mia ni 93. Ndiyo maana maharagwe huku yanamaliza gesi, na ni hewa hiyo hiyo nyepesi inayowaleta wakimbiaji wa dunia nzima Iten kufanya mazoezi. Nilimweleza hivyo na akaandika aya nzima, kwa furaha, mpaka akachora mlima pembeni.

Daftari likarudi na kalamu nyekundu. 93 imekatwa, juu yake 100. Binamu akafuta aya yake na kifutio, akanakili 100, na grafu akaichora upya ikapanda mpaka mia ambayo hakuiona. Nilimuuliza mbona. "Dada, mimi nataka alama."

Hapo ndipo nikaamua kuandika huu uzi.

Kabla hamjamrukia mwalimu: nilienda kumwona. Ni mtu mstaarabu sana. Aliniambia yeye alisomea Kiswahili na historia. Anafundisha sayansi kwa sababu walimu wa sekondari ya chini pale shuleni ni wachache na lazima mtu ashike hilo somo. Kitabu alichonacho kinasema 100, na hana kifaa cha kuhakikisha. Ungekuwa wewe ungeweka nini?

Sasa tuingie kwa siasa.

Chini ya 8-4-4, iliyoanza 1985, sayansi ya shule ya msingi ilipimwa kwa maswali ya kuchagua A, B, C au D katika KCPE. Kwa mtihani kama huo huhitaji maabara. Unahitaji kukumbuka kwamba maji huchemka kwa 100, basi. Kwa hivyo kwa miaka karibu arobaini hakuna aliyekuwa na sababu ya kujenga maabara katika shule ya msingi, na hazikujengwa. CBC ilipoanza nchi nzima Januari 2019, ilikuja na ahadi tofauti, kwamba mtoto atapimwa kwa anachoweza kufanya. Kundi hilo la kwanza lilipofika Gredi ya 7 mwanzoni mwa 2023, serikali iliamua sekondari ya chini ikae ndani ya shule za msingi. Yaani watoto wanaohitaji maabara walipelekwa mahali ambapo maabara haikuwahi kuwepo. Nikiulizwa shida yote ilianzia wapi, mimi nitaonyesha hapo.

Wale wa upande wa pili wana hoja nzito pia, tusiwe watu wa kushabikia. Jopo la rais la mageuzi ya elimu, lililoundwa Septemba 2022, lilisikiza wananchi nchi nzima na likasema watoto wabaki pale pale. Mtoto wa miaka 12 ni mdogo. Shule ya msingi iko karibu na nyumbani, ya upili mara nyingi iko mbali au ni ya bweni, na bweni ni pesa. Kuna wazazi hapa mtaani ambao wangeshindwa kabisa. Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia "tuwahamishe kesho asubuhi", muulize nauli atalipa nani.

Lakini kuna kitu sijasikia kikizungumzwa vya kutosha. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Kidato cha kwanza cha mwisho kikaingia Januari 2024. Maana yake mwaka 2025 wote shule za upili hazikupokea wanafunzi wapya. Zilikuwa na kidato cha pili, cha tatu na cha nne tu. Mwaka huo huo Gredi ya 9 ilikuwa imebanana katika shule za msingi, serikali ikikimbizana kuwajengea madarasa. Shule za upili zilizopungukiwa na darasa zima zilikuwa na maabara, na nyingi ziko umbali wa kutembea kutoka shule ya msingi, angalau hapa mjini. Haikuhitaji kuhamisha mtoto. Ilihitaji ratiba, barua mbili na wakuu wa shule wawili wanaoelewana, Jumanne mchana mnatumia nyinyi. Labda kuna mahali walifanya hivyo, na kama ni shuleni kwenu tafadhali niambieni, ningependa kujua mlifanyaje. Huku kwetu binamu hajawahi kuingia maabara hata siku moja.

Pesa. Hapa ndipo watu hurushiana namba bila kueleza, kwa hivyo nitaenda polepole.

Kiwango kilichowekwa cha mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Elimu bila malipo ilipoanza 2003 kilikuwa 1,020. Gawa 1,420 kwa mihula mitatu: shilingi 473. Hapo toa chaki, vitabu, maji, stima, karatasi za mitihani, halafu tafuta themomita. Mtoto wa sekondari ya chini kiwango chake ni 15,042, na wa shule ya upili ya kutwa ni 22,244. Kwa hivyo katika uwanja mmoja, mkuu wa shule mmoja, Gredi ya 6 ana 1,420 na Gredi ya 7 ng'ambo ya ua ana mara kumi yake. Kwa karatasi.

Nasema kwa karatasi kwa sababu kiwango kilichotangazwa na pesa iliyofika benki ni vitu viwili. Wakuu wa shule wamelalamika miaka mingi kwamba mgao hufika umechelewa na umepunguzwa. Julai 2025 Hazina ya Kitaifa yenyewe iliwaambia wabunge kwamba bajeti haiwezi kubeba ile 22,244 yote. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme "tunawapa watoto 15,042", swali si kama hiyo namba ni ya kweli. Swali ni muhula uliopita ziliingia ngapi, na tarehe ngapi.

Pesa isipofika, mradi wa sayansi haufutwi. Unahamia nyumbani. Hii ndiyo sehemu ambayo wanasiasa wa pande zote hawaisemi vizuri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Lakini "mtoto alete betri mbili, waya, balbu, manila na gundi" haiitwi karo. Inaitwa mradi. Shangazi muhula huu ametumia zaidi ya shilingi mia saba kwa vitu vidogo vidogo hivyo, nimepiga hesabu mwenyewe, pamoja na kuprinti picha kwa saiba. Ukilinganisha na zile 473, mama mmoja wa Kapsoya ameishinda serikali.

Na wenye uwezo wanapita njia ya mkato. Kuna kijana mjini anauza miradi iliyokamilika, ya umeme ina swichi na taa mbili. Mtoto anaandika jina lake kwa boksi. Simlaumu sana yule kijana, enyewe kazi yake ni safi. Ila mtoto anayepima kwa themomita ya jirani anashindana na mtoto aliyenunua, na mwalimu mwenye daftari nyingi za kusahihisha hawezi kujua tofauti.

Mtasema ni zoezi tu. Ni kweli, lile la maji halikuwa tathmini ya KNEC, lilikuwa la mazoezi. Lakini tathmini zenyewe zinakuja kwa mtindo huo huo: KNEC inatoa kazi, mwalimu anasahihisha shuleni, anapakia alama. Alama za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20 ya zile zinazoamua mtoto ataenda shule gani ya Gredi ya 10. Mtihani wa Gredi ya 6 ni 20 nyingine, ule wa Gredi ya 9 ni 60. Na serikali imesema inataka asilimia 60 ya wanafunzi wachukue njia ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kundi la kwanza limeshaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto wa kundi hilo alisoma sayansi ya Gredi ya 7 mpaka 9 kwa kuangalia picha za burette, halafu akaulizwa achague kama anataka kemia.

Walimu je? Serikali iliziba pengo kwa walimu wanagenzi wa sekondari ya chini, wenye shahada, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 mahakama ya wafanyakazi ilisema mpango huo haukuwa halali, Mei wakagoma, wiki nyingi watoto wakakaa bila kufundishwa. Hiyo ina uzi wake, nitaiandika siku nyingine.

Sasa ile ahadi tamu: "nitawajengea maabara." Msemaji ni nani? Hilo ndilo swali la kwanza. Kwa Nyongeza ya Nne ya Katiba, kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. MCA akikuahidi maabara ya Gredi ya 8, muulize kwa bajeti gani, kwa sababu bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili hiyo si kazi yake. Mbunge anaweza kupitia NG-CDF, na wengi wamejenga kweli, lazima tuseme ukweli.

Ila angalia wanachojenga. Jengo lina ukuta, ukuta unapakwa rangi, kwa rangi unaandika jina, siku ya kufungua kuna utepe na kamera. Darasani kwetu chuoni tunafundishwa kwamba mwanasiasa hupenda matumizi ambayo mpiga kura anaweza kuyaona na kumpa sifa yeye binafsi. Themomita haina utepe. Asidi inaisha, mwakani lazima ununue tena, na hakuna anayekupigia makofi kwa kununua asidi mara ya pili. Msaidizi wa maabara anahitaji mshahara kila mwezi, milele. Kwa hivyo unaweza kupata maabara nzuri ya mawe, mabati mapya, ndani imejaa madawati yaliyovunjika. Ukienda mikutano ya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, usiulize tu "mtajenga lini". Uliza za vifaa na kemikali ziko kwa mstari upi.

Nimeandika ndefu, poleni. Kuna aliyeniuliza kama basi CBC ifutwe. Mimi sidhani. Zoezi lenyewe lilikuwa zuri. Ni mtaala huu uliomfanya mtoto wa miaka 13 asimame jikoni robo saa akibishana na namba, mimi enzi zangu za 8-4-4 sikuwahi kufanya hivyo. Kilichoniuma ni kile kifutio.

Nilirudi kwa mwalimu jana na picha niliyopiga, sufuria inatokota na themomita inasoma 93. Akaicheka kwanza, halafu akanyamaza, akaniuliza kama tunaweza kumwazima hiyo themomita Alhamisi afanye mbele ya darasa zima. Jirani amekubali. Ila amesema irudi kabla ya saa kumi, maziwa ya jioni yanakuja.