Filta ya Oili Ikikataa Kutoka

Kikundi chenye pikapu kinaweza kujibadilishia oili nyumbani na kuokoa pesa ya fundi. Kazi huenda vizuri mpaka ufike kwa filta. Hapo mtu huvuta, hutoa jasho, halafu huitisha nyundo. Ngojeni kwanza.

Mara nyingi filta hukwama kwa sababu aliyeifunga aliikaza kwa spana, au ule mpira wake wa mviringo ulifungwa ukiwa mkavu, na joto likaugandisha kwenye chuma. Kwa hivyo washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, kisha uzime. Gari likiinuliwa, weka magogo imara chini yake. Jeki peke yake usiiamini hata kidogo.

Mwaga oili ya zamani kwenye karai, kisha pangusa filta ikauke, maana mkono wenye oili hauna nguvu. Ukiitazama kutoka upande usiogusa injini, zungusha kinyume cha saa. Ikiteleza, ishike kwa msasa. Bado? Izungushie mshipi wa ngozi karibu na injini, pale bati ni gumu, uvute kuelekea upande wa kufungulia. Spana ya mnyororo ni bora zaidi, kama jirani anayo.

Kutoboa kwa bisibisi ni njia ya mwisho kabisa. Bati huraruka, na ukishatoboa, gari haliendi popote bila filta mpya. Basi mwe nayo mkononi kabla ya kuanza, kwa maana kutoka hapa Iguhu hadi madukani Kakamega si mlango wa pili. Toboa mbali na injini, usije ukaumiza bomba la katikati lenye nyuzi.

Filta ikitoka, angalia mpira wa zamani umetoka nayo. Watu wengi husahau hapa. Mipira miwili ikipandana, oili huvuja yote barabarani na injini inanoki. Kununua nyingine ni akiba ya kikundi ya miaka. Mpira mpya upakeni oili safi, fungeni kwa mkono mpaka uguse, kisha ongezeni karibu robo tatu ya mzunguko. Spana wekeni chini! Mimina oili, washa, chungulia kama inavuja, zima, pima tena.

Na ile oili chafu? Msiimwage mtaroni, kwa sababu mvua ikinyesha itaingia chemchemi zetu na Mto Yala. Itieni kwenye mtungi wenye kifuniko, mpeleke kwa gereji inayokusanya.