Uteuzi wa Programu ya Kusimamia Marejeleo kwa Tasnifu za Kiswahili: Mazingira ya Mbeya na Iringa

Programu za kusimamia marejeleo aghalabu huteuliwa kwa kigezo cha umaarufu. Kwa mtahiniwa anayeandika tasnifu kwa Kiswahili, hasa anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kupitia vituo vya Mbeya na Iringa, mbali na makao makuu ya Dar es Salaam, vigezo viwili vina uzito zaidi: namna programu inavyoshughulikia majina ya waandishi na ya vitabu vya Kiswahili, na nani mwenye mamlaka juu ya kumbukumbu zilizokusanywa kwa miaka kadhaa.

Kigezo cha kwanza ndicho hupuuzwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) ni kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Jina hilo likigawanywa kama la mtu, taasisi hujikuta chini ya herufi K, kana kwamba yupo mwandishi aitwaye Kiswahili. Zotero huruhusu jina la taasisi kuandikwa katika nafasi moja, na tatizo huisha. Kosa jingine halionekani upesi. Mitindo ya Chicago na MLA hukuza herufi za mwanzo za maneno ya jina la kitabu kwa kanuni za Kiingereza. Programu isiyoelezwa lugha ya kitabu huweza kuandika "Kamusi Ya Kiswahili Sanifu". Katika Zotero, sehemu ya lugha ikijazwa "sw", ukuzaji huo haufanyiki. Ni kazi ya sekunde chache siku ya kuingiza rekodi; kuirudia kwa marejeleo mia mbili wiki ya kuwasilisha tasnifu ni adhabu.

Uwezo wa kuvuta taarifa kwa namba ya DOI, unaosifiwa sana, hausaidii kwa matoleo ya zamani ya jarida la Mulika yasiyo na namba hiyo. Hayo huingizwa kwa mkono katika programu yoyote.

Kuhusu kigezo cha pili, Zotero, iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006, ni ya bure na huhifadhi rekodi katika kompyuta ya mtumiaji. Hivyo mtafiti aliye nyanjani Rungwe au Kilolo hufanya kazi bila intaneti. Nafasi yake ya bure mtandaoni, MB 300, haitoshi kwa kurasa nyingi zilizoskaniwa. Diski ya nje ni ya lazima. Mendeley ilinunuliwa na Elsevier mwaka 2013, na mwaka 2018 hifadhidata yake ya kompyutani ilianza kufungwa kwa msimbo, programu nyingine zisiweze kuisoma moja kwa moja, ingawa njia ya kuhamisha rekodi kwa faili la RIS ilibaki. EndNote ni ya kulipia.

Maneno kama "na wenzake" na "mhariri" huweza kuandikwa ndani ya faili la mtindo la Zotero mara moja, kisha faili hilo likatumiwa na watahiniwa wote wa kituo.