Hewa ya Magendo Katika Injini Iliyofumuliwa

Gari la doria linalozimika kila dereva anapoinua mguu ni baya kuliko gari lisilowaka kabisa. Lisilowaka hubaki kambini, na kamanda hulitoa katika hesabu yake. Linalozimika hutoka likiwa limebeba askari, likafika kizuizini usiku, likatetemeka mara mbili tatu, kisha likanyamaza wakati uleule linapohitajiwa. Dereva hulazimika kuliwasha tena na tena mpaka betri inakufa, na taa zinakufa pamoja nayo.

Katika barabara zinazounganisha Tororo, Malaba na Busia maradhi haya huyapata hasa magari ya zamani ya petroli ambayo injini zake zimefumuliwa na kuundwa upya. Tutachukua mfano wa Land Rover ya Series III yenye injini ya lita 2.25, kwa kuwa madereva wengi wa majeshi na polisi wa Afrika Mashariki walijifunzia kwayo. Gari hilo lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Basi iliyo hai leo si ajabu imekwisha kufumuliwa zaidi ya mara moja.

Injini ikitoka kwa fundi na ringi mpya na valvu zilizosagwa, kila mtu hutaraji ingurume kwa utulivu gari likiwa limesimama. Isipofanya hivyo, mkono wa kwanza huenda kwenye skrubu ya mwendo iliyo katika kabureta. Skrubu hukazwa, mwendo hupanda, injini haizimiki tena, na gari hupokelewa kwa saini. Kwa maoni yetu hapo ndipo hasara huanza. Petroli huliwa bure, gia ya kwanza huingia kwa kelele, na swichi ikifungwa injini huendelea kukohoa kana kwamba haikusikia amri. Ubovu uko palepale, umefunikwa tu.

Fundi mmoja wa Busia, mtu mzima aliyezeeka mikononi mwa spana, alitueleza jambo hili kwa lugha ya mji wake. "Afande," alisema, "kabureta ni forodha. Hewa yote ipite pale ipimwe na petroli yake. Ikipata njia ya panya, hesabu imeharibika." Mji ule unaijua lugha hiyo tangu miaka ya 1970, kahawa ya Uganda ilipokuwa ikivushwa usiku kwenda Kenya. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, lakini neno magendo halijasahaulika.

Katika injini hii njia za panya zinajulikana. Iliyo kuu ni manifoldi. Manifoldi ya kuingizia hewa na ile ya kutolea moshi zimefungwa pamoja kwa bolti, na zote mbili hukalia gasketi moja ubavuni mwa hedi. Fundi mwenye haraka huzikaza kwanza zenyewe kwa zenyewe, ndipo akazifunga kwenye hedi. Nyuso zikitofautiana hata kidogo, haziwezi tena kulala sawasawa, na hewa hupenya. Yapasa bolti za kuziunganisha ziachwe legelege, nati za kwenye hedi zikazwe, kisha hizo bolti zikazwe mwisho. Njia ya pili imo katika kabureta yenyewe, aina ya Zenith, ambayo uso wake wa juu hupinda kwa joto na kukazwa mno, na ndani yake mna mpira mdogo wa duara unaochakaa. Uso huo hunyooshwa kwa kusuguliwa polepole juu ya msasa laini uliotandazwa kwenye kioo, na mpira hubadilishwa. Ya tatu, kwa gari lenye msaada wa breki, ni bomba la mpira litokalo kwenye manifoldi. Likipasuka, mngurumo huharibika na breki huwa nzito.

Kuzitafuta si kazi ngumu. Injini ikinguruma, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mahali ambapo mngurumo unabadilika ndipo penye mlango. Wako wanaotumia petroli kwa kazi hii. Tumekwisha kuona nyusi zilizoungua.

Hewa ikishadhibitiwa, hufuata vipimo, na vipimo havikisiwi kwa jicho. Nafasi ya tapeti ni milimita 0.25 kwa valvu zote. Pointi za distribyuta zifunguke milimita 0.35 hadi 0.40. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Nyaya mbili za plagi zikibadilishana, hakuna skrubu itakayoituliza injini hiyo.

Liko jambo moja ambalo askari waliohamishwa kutoka pwani hulisahau. Tororo iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyotegwa Mombasa itamwaga petroli nyingi mno huku: moshi mweusi, plagi zenye masizi, mngurumo wa kuyumba. Iteguliwe na kutegwa upya papa hapa, injini ikiwa imepata moto kamili. Skrubu ya mchanganyiko ifungwe polepole mpaka injini ianze kusitasita, kisha ifunguliwe mpaka itulie. Baada ya hapo tu ndipo skrubu ya mwendo iguswe.

Na hata ikitulia, isiachwe ikinguruma kizuizini saa nzima katika siku zake za mwanzo. Ringi mpya huhitaji kazi ili zikae. Zikibembelezwa kwa mngurumo mdogo, kuta za silinda hung'aa kama kioo na injini huanza kula oili. Liendeshwe kwa mzigo wa kiasi, bolti za hedi zikaguliwe tena kama kitabu cha kiwanda kinavyoagiza, na tapeti zipimwe upya siku hiyohiyo, maana hedi ikikazwa nafasi zake hubadilika.