Kabla ya kuuza shamba kutafuta mtoto, panda kwenye mizani

Je, umekaa katika ndoa miaka kadhaa bila kubahatika kupata mtoto? Kabla ya kukimbilia matibabu ya bei ghali, jiulize: uzani wako ni kilo ngapi?

Miezi sita iliyopita mama mmoja wa hapa Majengo, Nyeri, alinijia pamoja na mumewe. Walikuwa wameoana kwa miaka minne. Mume alikuwa tayari kuuza kipande cha shamba ili mkewe atungishwe mimba kwa njia ya maabara jijini Nairobi, ambako watoto wa kwanza wa Kenya wa njia hiyo walizaliwa mwaka wa 2006. Mama alikuwa na kilo 87 na urefu wa mita 1.60. Hedhi alipata mara nne tu kwa mwaka.

Wewe pia unaweza kujipima. Zidisha urefu wako kwa mita mara urefu huo huo, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Kati ya 18.5 na 25 ni sawa. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mama huyu alikuwa na 34.

Mafuta yanapozidi mwilini, homoni huvurugika na ovari hushindwa kupevusha yai kila mwezi. Bila yai hakuna mimba. Hata kwa njia ya maabara, mwanamke mnene mara nyingi huhitaji dawa nyingi zaidi za kuchochea mayai, na hatari ya mimba kuharibika huwa kubwa zaidi. Wembamba wa kupita kiasi nao huzuia hedhi.

Habari njema ni kwamba kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzani kunaweza kurudisha hedhi. Kwa mama huyu ni kama kilo 4 hadi 9 tu.

Hata hivyo, nisikudanganye. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kuwa wanawake wanene waliopunguza uzani kwanza hawakuzaa zaidi ya wenzao walioanza matibabu mara moja. Lakini wengi zaidi walishika mimba wenyewe bila kutibiwa. Tena, kupungua hakuzibui mirija iliyoziba. Ikiwa umefikisha miaka 35, usingoje zaidi ya miezi 6 kabla ya kumwona daktari. Chini ya hapo, mwaka 1.

Nawe bwana, usimwachie mkeo lawama. Unene hudhoofisha mbegu za kiume pia, kwa hivyo pimwa.

Epuka vidonge vya kukondesha vinavyouzwa ovyo. Kula githeri na mboga, punguza chapati, mandazi, soda na sukari ya chai. Tembea hadi Ruring'u badala ya kupanda matatu.

Mama yule amepunguza kilo 5. Hedhi yake imekuja miezi mitatu mfululizo. Mimba bado, lakini shamba halijauzwa.