Senti tano zamwokoa mtamba Sugoi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika boma moja huko Sugoi, upande wa Turbo ukitoka mjini Eldoret, aliyepona kwa ujio wa mgeni si mwenyeji peke yake. Mtamba wake naye alipona.

Mtamba huyo alikuwa auzwe. Pesa ambazo zingepatikana zingeagiza kinanda kikuukuu cha umeme kutoka ng'ambo, sinthesaiza ya aina ya analogi. Aliyekitamani ni kijana wa boma hilo, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa nyumbani kwa likizo, ambaye aliniomba nisimtaje jina. Yeye ndiye huitengenezea kwaya ya kanisa lao muziki kwa kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshatumika.

"Dada, nimejaribu kila njia," aliniambia huku akikunja uso. "Nyimbo zangu ni baridi. Kina mama wa kwaya wanasema ni kama mtu anayegonga bati."

Nyanya yake, ambaye watoto wa boma humwita Kogo, hakumficha ukweli. Aliusikiliza wimbo mpya hadi mwisho, kisha akasema: "Wimbo ni safi, mjukuu wangu. Lakini hauna mtu ndani."

Maneno hayo yalimchoma kijana. Alikuwa amesoma kwamba mashine za zamani zina joto ambalo programu za kompyuta haziwezi kulitoa. Akamshawishi baba yake, mkulima wa mahindi na maziwa, hadi mzee akakubali kuuza mfugo.

"Husemwa mtoto akililia wembe, mpe," baba alisema. "Lakini wembe huu una bei ya ng'ombe."

Siku hiyo niliandamana na mwalimu mmoja wa muziki kutoka Eldoret, ambaye amerekodi kwaya nyingi. Aliomba jambo moja tu: kabla ya mtamba kupelekwa sokoni, apewe saa mbili na ile kompyuta.

JOTO LATOKA WAPI?

"Kabla hujalinunua joto, jiulize linatoka wapi," mwalimu alianza.

Sinthesaiza ni ala inayounda sauti kwa umeme, bila nyuzi wala pumzi. Mojawapo ya zilizovuma sana ni Minimoog, iliyotolewa mwaka wa 1970 na kampuni ya Mmarekani Robert Moog. Ndani yake mna saketi tatu za kutoa mitetemo. Mitetemo hiyo hupitia katika chujio linalopunguza sauti nyembamba na kali, kama vile majani yanavyochujwa kutoka kwenye chai.

Saketi hizo ziliathiriwa na joto na baridi ya chumba. Wanamuziki waliiwasha mapema kabla ya onyesho ili itulie, na hata baada ya hapo mitetemo yake ilisogea kidogo huku na huku. Mwaka wa 1978 ikaja Prophet-5, iliyoweza kutoa noti tano kwa pamoja. Kila noti ilikuwa na saketi zake, nazo, kama ndugu wa tumbo moja, zilifanana bila kuwa sawa kabisa.

Wahandisi waliiona hali hiyo kuwa kasoro. Mwaka wa 1983 kampuni ya Yamaha ilitoa DX7, kinanda cha dijitali kisichosogea hata kidogo, nacho kikanunuliwa kwa wingi duniani. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, watu waligundua kuwa kulikuwa na kitu walichokikosa. Kitu hicho ndicho walichokiita joto.

"Kompyuta yako ukiibonyeza noti moja mara mia, itakupa noti ile ile mara mia," mwalimu alimweleza kijana. "Sasa msikilize Kogo akiimba na wenzake. Je, kuna sauti mbili zinazolingana kabisa?"

Akatukumbusha kisa cha mwaka wa 1950, wakati Hugh Tracey aliporekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba wimbo wa Chemirocha, jina lililotokana na la mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers. Palikuwa na sauti za wasichana na ala ya nyuzi tu. Sauti hizo zinakaribiana lakini hazigandani, na wimbo huo ungali unawagusa watu hadi leo.

SENTI TANO

Kazi ikaanza. Kijana alikuwa na Surge XT, programu ya sinthesaiza ambayo haiuzwi wala haikodishwi. Zipo nyingine za bure pia, kama TAL-NoiseMaker, na Vital ina toleo lake la bure. Alikuwa amejaribu Diva, programu ya kulipia inayosifiwa kwa kuiga mashine za zamani, lakini inahitaji kompyuta yenye nguvu na yake ilikwama.

Jambo la kwanza alilofanya mwalimu ni kuondoa. Kijana alikuwa amerundika mwangwi na mapambo ya kila namna juu ya sauti moja. Yote yakazimwa. "Hutii chumvi kabla ya kuonja," mwalimu alisema.

Sauti iliyobaki ilikuwa kavu. Akachagua mitetemo miwili yenye umbo la meno ya msumeno, kwa kuwa umbo hilo lina sauti nyingi ndani yake, za chini na za juu, na humpa fundi kitu cha kuchonga. Kisha akaupandisha mtetemo wa pili kwa senti tano.

Msomaji asidhani ni senti za mfukoni. Katika muziki, hatua ndogo ya kinanda, kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, hugawanywa mara 100, na kila kipande huitwa senti. Noti ya La ina mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiongeza senti tano inafika karibu 441.3. Zikipigwa pamoja, sauti hizo mbili hukutana na kuachana mara moja na kidogo kila sekunde, na sikio husikia kitu kama pumzi.

Kijana aliinua kichwa ghafla. Hakuamini kwamba jambo dogo hivyo lingeweza kubadilisha sauti.

Programu hiyo pia ina mahali pa kuifanya mitetemo isogee yenyewe ovyoovyo, kama saketi za zamani. Mwalimu alipasogeza kidogo sana. Halafu akalishusha chujio hadi ule ukali wa bati ukapungua, akaliagiza lifunguke polepole kila noti inapoanza, na lifunguke zaidi kitufe kinapopigwa kwa nguvu. Hivyo mkono wa mpigaji ukaanza kusikika.

MKAA WA MURSIK

Hatua iliyofuata ilimfurahisha Kogo, ambaye alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza. Saketi za zamani zilipopewa umeme mwingi zililemewa kidogo, na sauti ikapata vionjo ambavyo havikuwamo mwanzoni. Siku hizi programu nyingi zina kifaa cha kuiga kulemewa huko.

"Ni kama mursik," mwalimu alimwambia. "Maziwa ni meupe na safi. Lakini bila mkaa ndani ya kibuyu, nani atayaita mursik?"

Kogo alicheka. "Na mkaa ukizidi," alijibu, "unakunywa majivu."

Mwalimu alisema hakuna kitabu kinachoweza kueleza vizuri zaidi. Akaongeza kilemeo mpaka kikasikika waziwazi, kisha akakirudisha nyuma hadi kikawa hakisikiki ila kinapozimwa.

Mwisho akaweka korasi, yaani nakala ya sauti inayocheleweshwa kidogo na kuyumbishwa. Hapo akatoa mfano wa Juno-106 ya kampuni ya Roland, iliyotoka mwaka wa 1984. Mitetemo yake iliongozwa kwa dijitali na haikusogea kama ile ya Minimoog, lakini kinanda hicho kinapendwa kwa joto lake, na sababu ni chujio na korasi. Ni kusema kwamba joto halina mlango mmoja.

MITEGO YA KUEPUKA

Kwa wanafunzi wanaotaka kujaribu nyumbani, mwalimu alitaja mitego minne.

Wa kwanza ni tamaa. Senti tano zinapendeza, na hata kumi kwa sauti nzito ya nyuma. Ukifika 30, kwaya haitajua ishike sauti ipi.

Wa pili ni besi. Usiitie korasi, kwani itapoteza uzito. Iache isimame katikati.

Wa tatu ni sauti za kigeni. Kompyuta ikirekodi kwa vipimo 44,100 kila sekunde, haiwezi kubeba mtetemo unaozidi 22,050. Unaozidi hurudi chini kama noti isiyohusika, na ndiyo sababu programu nyingine hukwaruza kwenye noti za juu. Dawa ni kuiambia programu ifanye hesabu zake kwa vipimo mara mbili au mara nne. Kompyuta ikichoka, geuza sehemu uliyoimaliza kuwa rekodi ya kawaida, kisha uizime programu.

Wa nne huwanasa hata mafundi. Sauti iliyo juu zaidi hudhaniwa kuwa bora zaidi. Kabla ya kuamua kama umeongeza joto au kelele, sawazisha kiwango cha sauti zote mbili, kisha ulinganishe.

HUKUMU YA KOGO

Jioni, baada ya ng'ombe kukamuliwa, kina mama watatu wa kwaya walifika kwa chai. Ilikuwa Julai na baridi ilikuwa ya kukata mfupa. Kijana aliwachezea wimbo mara mbili, wa zamani na mpya, bila kuwaambia upi ni upi, na kwa sauti ya kiwango kimoja kama alivyoelekezwa.

Wa kwanza waliusikiliza kimya, mikono kwenye vikombe. Wa pili haukufika ubeti wa pili kabla ya Kogo kuanza kuufuata kwa sauti ya chini, na wenzake wakamwitikia. Hakuna aliyewaomba waimbe.

Mama mmoja hata hivyo alilalamika kuwa besi ilikuwa inamfunika. Kijana alirudi kwenye kompyuta bila kununa, akaipunguza.

Baba, aliyekuwa amesimama nje akijidai kuangalia ua, aliingia. "Kwa hivyo mtamba anabaki?" aliuliza.

Mwalimu hakutaka kumdanganya. Alimwambia kuwa mashine halisi ina raha yake, kwani kila kidude cha kuzungusha kiko chini ya vidole, na huenda kijana akaihitaji siku moja. Lakini hiyo isiwe sababu ya kuuza mfugo leo, wakati hata aliyonayo alikuwa hajamaliza kuijua.

"Basi akizaa tutazungumza tena," baba alisema, akavuta kiti.

Huenda, mzazi mwenzangu, nawe nyumbani kwako kuna kijana anayedai hawezi kuendelea bila kifaa kipya. Usimkatalie upesi, wala usikimbilie sokoni. Keti naye kwanza, umwombe akuonyeshe alichonacho kinaweza kufanya nini, na umtafutie mtu anayekijua. Yule wa Sugoi alijifunza kwa alasiri moja yale ambayo hakuyapata kwa miezi. Nilipoaga usiku ule, alikuwa bado kwenye kompyuta, na Kogo kando yake akimwambia ni wapi pa kupunguza mkaa.